Kitunguu cha Filomena

Mvua ya mwaka imenyesha siku tatu mfululizo
na leo, Makande, zilipokuwa nyumba za wafanyakazi wa reli,
kati ya ukuta wa mabati na kibanda cha bawabu
yamechomoza maua rangi ya waridi, kila moja na bua lake,
majani bado, ruhusa hakuna.

Bawabu, Kaingu, ameyahesabu: sitini na mawili.
Jana, asema, hapakuwa na kitu ila kifusi na paka.
Aniuliza jina lake.
Nasimama na mwavuli wangu uliovunjika ubavu
nikilitafuta jina kama mtu atafutaye ufunguo
wa nyumba iliyokwisha bomolewa.

Jina hatukupewa. Tulipewa mkebe.
Mkebe wa Kimbo, kutu mdomoni,
uliopitishwa juu ya ukuta wa ua na Bi Filomena,
mke wa karani wa tikiti, Mgoa,
asubuhi ile masanduku yao yalipokuwa tayari barazani.
Hakusema kwaheri. Alisema:
"Usipe maji mingi. Hii najua kungoja."

Mamangu akavifukia chini ya mfereji,
pale maji ya kuoshea vyombo yalipokwenda kulala.
Kiangazi kikapita. Vuli ikaja haba, ya kulowesha vumbi tu.
"Vimekufa," akasema, akaanika nguo juu yake.
Kisha usiku mmoja wa Aprili tukahamisha vitanda kukimbia matone,
na kulipokucha yalikuwa yamesimama chini ya kamba ya nguo
kama watoto waliotumwa
wakasahau walitumwa nini.

Aliyeharibu ni kakangu, Abeid.
Njaa ya saa nne usiku, mayai mawili, jikoni hamna kitunguu.
Akatoka na kijiko. Akamenya, akakatakata, akakaanga.
Machozi hayakumtoka hata moja; angejua hapo.
Alitapika hadi mwadhini akamaliza.
Ua la uani lilikuwa karibu limuue:
lugha yetu imeyalaza maneno hayo matatu chumba kimoja
na haikuweka pazia.

Asubuhi babangu akashika jembe.
Hakuwa mkulima, alikuwa mtu wa breki na spana;
alilima kwa hasira, akakata, akapasua,
akavizoa kwa sepetu, akavitupa ng'ambo
kwenye kokoto za reli.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu alipewa jembe la kisogo
akalipokea kama kazi.
Kila kipande chenye kisigino kikatoa mizizi,
na kila mwaka mvua ikipiga
reli ilivaa upindo wa waridi kutoka kwetu hadi darajani,
na babangu akapita hapo na baiskeli yake
akitazama mbele.

Sasa tingatinga limekwangua hata mfereji.
Malori yamebeba udongo, Kaingu ayataja:
moja Jomvu, mawili Mikindani,
moja Likoni, kwenda kujazia shimo la choo.
Hakuna aliyeuliza mna nini ndani.
Nawawaza watu nisiowajua, wakifungua mlango mwakani
na kukuta kitu wasichokipanda kimewatangulia kuamka.

Bi Filomena hakuleta barua. Wapo wasemao Kanada,
wapo wasemao alirudi Goa asikokuwa amezaliwa.
Mamangu yuko Kikowani, mwaka wa kumi na moja huu,
siwezi kumuuliza.

"Ni Filomena," namwambia Kaingu.
"Filomena," arudia, na kweli afungua daftari lake la wageni,
alamba ncha ya kalamu, aandika:
jina, tarehe, saa ya kuingia.
Saa ya kutoka aiacha wazi.

Nilichimba kimoja kwa ufunguo wa nyumba, nikakifunga lesoni.
Kiko juu ya kabati sasa, mbali na karai la vitunguu,
na ubavuni mwa mkebe nimeandika kwa wino mweusi,
herufi kubwa, Abeid akija kunitembelea azione:
SI CHA KUPIKA.